Kontra za zamani za asiransi: namna zinavyolipa usafishaji wa viwanda vyenye sumu

Kiwanda kikifunga mulango, sumu yake haiondoki. Inabaki mu udongo, inashuka polepole mpaka kwenye maji ya chini, na kisha miaka makumi mbili ao makumi tatu inatokea mu kisima cha mutu ambaye hakufanya kazi pale hata siku moja. Pale ndipo swali linakuja: nani atalipa? Mwenye kiwanda amekufa. Sosiete imebadilisha jina ao imefilisika. Leta inasema haina feza.

Kule Marekani, tangu miaka ya 1980, watu walipata njia moja ambayo wengi hawakuifikiria. Walirudia kontra za asiransi ambazo viwanda vilikuwa vinalipia mu miaka ya 1940, 1950, 1960 na 1970. Kontra hizo zilisahauliwa mu makartoni, lakini nyingi zingali na nguvu. Leo tunawaelezea, ndugu wasikilizaji na wasomaji, namna jambo hili linafanyika, mahali linakwama, na nini sisi wakaaji wa mashariki ya Congo tunaweza kujifunza.

Mambo yalianza wapi

Jina la kukumbuka ni Love Canal, mutaa mumoja wa muji wa Niagara Falls, jimbo la New York. Kati ya 1942 na 1953, sosiete Hooker Chemical ilitupa karibu tani 20,000 za takataka za kemikali mu mufereji wa zamani ambao ulikuwa umeachwa. Mu 1953 ilifunika shimo na udongo, ikauzisha uwanja kwa komite ya masomo ya muji kwa dola 1 tu. Shule ikajengwa pale. Nyumba zikajengwa kando. Miaka ya 1970 maji meusi yenye harufu mbaya yakaanza kuingia mu vyumba vya chini vya nyumba za watu. Mu mwezi wa Agosti 1978 rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura, na familia zikaanza kuhamishwa.

Kisha mambo hayo, tarehe 11 Desemba 1980, Carter alitia sahihi sheria ambayo watu wanaiita Superfund. Sheria hiyo ilikuwa kali sana. Inaweza kumulipisha mwenye uwanja wa leo, mwenye uwanja wa wakati sumu ilitupwa, mutu aliyepanga itupwe, na hata yule aliyeibeba na kamio. Haiulizi kama mutu alivunja sheria ya wakati ule. Tena inarudi nyuma: kitendo cha 1950, ambacho wakati ule kilionekana cha kawaida, kinaweza kumuletea mutu deni leo. Na kama walio na deni ni watano, na wanne wamepotea, yule mumoja aliyebaki anaweza kuombwa yote.

Kwa hiyo watu wengi wakajikuta na deni kubwa kuliko mali yao: wenye presingi ya kusafisha nguo, viwanda vidogo vya kupaka chuma, hata miji yenye mashimo ya takataka. Ndipo maavoka wakauliza: wakati sumu ilikuwa inamwangika, huyu mutu alikuwa na asiransi ya nani?

Asiransi ya RC, na nguvu ya neno «tukio»

Hapa kwetu wengi wanajua asiransi ya RC kupitia motokari. Ukigonga mutu, asiransi yako inamulipa yeye, haikulipi wewe. Viwanda vya Marekani vilikuwa na asiransi ya namna hiyo kwa kazi yao yote. Kontra ya mufano mumoja, iliyotumiwa na karibu sosiete zote za asiransi, ilianza kuuzishwa tangu mwanzo wa miaka ya 1940. Ilisema: kama kazi yako inaletea mutu mwengine hasara ya mwili ao ya mali, na sheria inakulazimisha kulipa, sisi tutalipa kwa nafasi yako.

Mu 1966 maneno ya kontra yalibadilishwa. Badala ya kusema «aksida» tu, ikasema «tukio», na ikafasiria kama tukio linaweza kuwa pia jambo la kuendelea ao la kurudiarudia, kama tu mwenye kontra hakulitazamia wala hakulikusudia. Sumu yenye kutiririka polepole mu udongo miaka makumi inaingia sawasawa mu maneno hayo.

Lakini jambo la maana zaidi ni hili: kontra ya namna hiyo inafuata wakati hasara ilifanyika, haifuati wakati mutu alidai. Tuseme kiwanda kililipa asiransi mwaka wa 1962. Mwaka ule sumu ilikuwa inaharibu maji ya jirani, lakini hakuna aliyejua. Jirani anagundua mu 1995 na kushitaki. Kontra ya 1962 ndiyo itaulizwa, hata kama ilimalizika miaka 33 iliyopita, hata kama kiwanda kilibadilisha asiransi mara kumi tangu pale. Haina tarehe ya kuoza.

Leo kontra nyingi za mambo ya uchafuzi ni za namna ingine. Zinalipa tu kama dai limeletwa wakati kontra ingali inaishi. Ukiacha kulipa, ulinzi umekwisha siku ile ile. Ndiyo maana makaratasi ya zamani yana bei kuliko makaratasi ya leo.

Miaka miwili ya kushika: 1973 na 1986

Sosiete za asiransi hazikulala. Tangu 1970 zilianza kuongeza kifungu cha kukataa uchafuzi, na mu 1973 kifungu kile kikaingia ndani ya kontra ya kawaida. Kilisema: hatulipi uchafuzi, isipokuwa kama ulikuwa «wa gafula na wa aksida». Maneno hayo mafupi yaleta vita ya miaka makumi mbili mu tribinali. Maavoka wa viwanda walisema «gafula» maana yake ni jambo ambalo mutu hakutazamia. Maavoka wa asiransi walisema «gafula» maana yake ni haraka, jambo la dakika. Majimbo mengine yalihukumu hivi, mengine vile.

Mu 1986 ikaja kontra mupya yenye kukataa uchafuzi karibu wote, wa gafula na wa polepole. Kwa hiyo wataalamu wanagawanya makaratasi mafungu matatu. Kontra za mbele ya 1970 ndizo za zahabu, hazina kifungu cha kukataa. Za kati ya 1970 na 1985 ni za kubishania. Za kuanzia 1986 hazisaidii sana, isipokuwa mu majimbo machache.

Indiana ni moja ya majimbo hayo. Mu 1996, mu kesi ya American States na Kiger, Tribinali Kuu ya Indiana ilichunguza kontra ya mwenye stasio ya esanse ambaye esanse yake ilimwangika mu udongo. Kontra yake ilikuwa na kifungu cha kukataa «vichafuzi». Waamuzi walisema neno lile ni pana mno, haliko wazi. Asiransi inawezaje kuuzishia stasio kontra, kisha iseme esanse, ambayo ndiyo kazi ya stasio, iko nje ya kontra? Wakafuata sheria ya zamani ya makontra: penye neno halieleweki, linasomwa kinyume cha yule aliyeliandika. Tangu pale Indiana imejulikana kama mahali ambapo wenye presingi na viwanda vidogo wanaweza kupata feza za kusafisha hata na kontra za karibu.

Kazi ya kutafuta makaratasi

Watu wengi hawana tena kontra. Mwenye kiwanda alikufa, biro ilihamishwa, maji yaliingia, panya walikula. Kwa hiyo kukazaliwa kazi mupya kabisa. Watu wanaoifanya wanaitwa wachimbaji wa asiransi, sawa vile kuna wachimbaji wa vitu vya kale. Hawachimbi udongo, wanachimba makartoni.

Wanaanza na vitabu vya hesabu: kama kila mwaka kuna mustari wenye kuonyesha feza zilizolipwa kwa sosiete fulani ya asiransi, huo ni mwanzo. Wanaenda kwa wakala aliyeuzisha kontra, ao kwa watoto wake kama walirizi biro. Wanaomba benki ambayo ilikopesha kiwanda, kwa sababu benki ilikuwa inaomba hakikisho la asiransi mbele ya kutoa mukopo. Wanasoma barua za tenda za leta na za jeshi, kwa sababu leta haikupa tenda kwa mutu asiye na asiransi. Wanasoma maandishi ya mikutano ya wakubwa wa sosiete. Wanafungua kesi za zamani za tribinali: kama mu 1959 mufanyakazi mumoja alishitaki kiwanda, avoka aliyekuja kukitetea alilipwa na asiransi gani? Na wanaenda kuuliza karani aliyestaafu, yule mwenye kukumbuka jina la wakala aliyekuwa anapita kila Januari.

Kontra nzima ikikosekana, tribinali nyingi zinakubali alama zingine: namba ya kontra, fakture ya malipo, barua moja yenye kutaja kiasi. Kisha mutaalamu anaeleza ni maneno gani yalikuwa mu kontra ya kawaida ya mwaka ule. Kwa sababu sosiete nyingi zilitumia karatasi ya mufano mumoja, jambo hilo linawezekana.

Hesabu ya kugawana

Tuchukue mufano wa kufikiri. Kiwanda cha kupaka chuma kilifanya kazi kuanzia mwanzo wa 1943 mpaka mwisho wa 1972, miaka 30. Sumu ilimwangika miaka yote hiyo. Kusafisha kutakula dola milioni 3. Wachimbaji wa makaratasi wamepata kontra za miaka 18 tu.

Kuna majimbo yenye kugawa kwa miaka. Milioni 3 kugawa kwa 30, kila mwaka unabeba dola 100,000. Kontra za miaka 18 zitalipa milioni 1.8. Ile miaka 12 isiyo na karatasi, ni dola milioni 1.2, na mwenye kiwanda ataitoa mufukoni mwake. Hapo tunaona kila karatasi inayopatikana iko na bei yake: kontra ya mwaka mumoja ni dola 100,000.

Kuna majimbo mengine yenye kusema: mwenye kontra achague mwaka mumoja, sosiete ya mwaka ule ilipe yote mpaka mwisho wa kiasi kilichoandikwa, kisha yenyewe iende kudai wenzake. Hapo karatasi moja nzuri inaweza kutosha. California inafuata njia ya karibu na hiyo. Mu 1995, mu kesi ya Montrose Chemical, sosiete iliyotengeneza dawa ya DDT karibu na Los Angeles tangu 1947 mpaka 1982, Tribinali Kuu ya California ilihukumu kama hasara yenye kuendelea inaamusha kontra zote za miaka yote ambayo hasara iliendelea.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanasahau. Kiasi cha kontra hakipandi na bei ya soko. Kontra ya dola 100,000 ya 1958 inabaki dola 100,000 leo. Lakini kontra nyingi za wakati ule ziliahidi pia kulipa avoka na wataalamu wa utetezi, na malipo hayo hayakuhesabiwa ndani ya kiasi kile. Kwa hiyo kontra yenye kuonekana ndogo inaweza kubeba kazi ya uchunguzi na ya maavoka yenye bei kubwa kuliko yenyewe.

Sosiete za asiransi zinajibu nini

Usifikiri kama ukileta karatasi ya 1960 utapewa sheki siku ile ile. Majibu ni mengi, na mengine yako na haki.

Ya kwanza: «Ulijua.» Asiransi inalipa jambo lisilotazamiwa. Kama barua za ndani zinaonyesha wakubwa walijua sumu inaharibu maji na wakaendelea, kontra haisaidii. Hivyo ndivyo ilivyofikia Shell. Sosiete hiyo ilitengeneza dawa za kuua wadudu pale Rocky Mountain Arsenal, karibu na Denver, na ilishitaki sosiete za asiransi zaidi ya 200. Mu 1988 wazee wa baraza la tribinali ya California waliikatalia, juu ya jambo hilo la kujua, na vita ikaendelea mu rufaa.

Ya pili: «Uwanja ni wako.» RC inalipa hasara ya mwengine, haitengenezi mali yako mwenyewe. Lakini maji ya chini hayafuati mupaka wa parsele. Tribinali nyingi zimekubali kama, maji yakiguswa ao yakiwa mu hatari, hiyo ni hasara ya watu wengine.

Ya tatu: «Ulichelewa kutujulisha», ao «Ulianza kusafisha bila kutuuliza.» Hapa wengi wamepoteza. Mutu anapata barua ya leta, anaogopa, anaita mafundi, anamaliza akiba yake, kisha ndio anakumbuka asiransi. Kontra nyingi zinasema: feza ulizotoa kwa mapenzi yako mwenyewe hatutazirudisha.

Ya ine: «Sisi si sosiete ile.» Sosiete za asiransi zinanunuana, zinaungana, zinafilisika. Home Insurance, moja ya zile kubwa za New York, iliwekwa mu mikono ya wafilisi mu 2003. Penye sosiete imefilisika, mwenye kontra anasimama mu mustari pamoja na wadai wengine.

Kesi moja inaonyesha namna pande mbili zinaweza kupoteza. Mu 1993 Tribinali Kuu ya New Jersey ilihukumu kesi ya Morton International, juu ya zebaki iliyoingia mu muto Berry's Creek. Waamuzi waliona kama mu 1970 sosiete za asiransi ziliambia wakaguzi wa leta kwamba kifungu kipya ni ufafanuzi tu, kumbe kilikuwa kinapunguza ulinzi sana, na bei ya kontra haikushuka. Kwa hiyo zikakatazwa kukitumia vile zilitaka. Lakini Morton mwenyewe hakupata feza: ilionekana kama sosiete ilijua juu ya uchafuzi miaka mingi.

Maavoka nao wanakula

Mu 1992 shirika la utafiti RAND lilichunguza feza ambazo sosiete za asiransi zilitumia juu ya Superfund mwishoni mwa miaka ya 1980. Karibu 88 kwa mia zilikwenda kwa maavoka na gharama za mabishano. Udongo wenyewe ulipata mabaki.

Muji wa Lodi, mu California, ulijifunza hilo kwa uchungu. Maji yake ya chini yalionekana na dawa za presingi na za kusafisha chuma. Mu 1997 muji ulitunga sheria yake mwenyewe ili kufikia moja kwa moja asiransi za wenye biashara waliochafua, bila kuwafilisi wale wafanyabiashara wadogo. Wazo lilikuwa zuri. Lakini sosiete za asiransi zilipinga sheria ile mu tribinali, kesi ikarefuka, na muji ukakopa mamilioni kwa benki Lehman Brothers kwa kulipia mapigano. Tangu pale wengi wanashauri kupatana mapema: asiransi inatoa kiasi mara moja, inarudishiwa kontra yake, na feza zinawekwa mu mufuko wa kusafisha tu.

Moto huo ulifika mpaka Uingereza. Soko la Lloyd's la London lilikuwa limeuzisha asiransi mingi kwa viwanda vya Marekani. Madai ya amianti na ya uchafuzi yaliliangusha karibu na kufilisika mwanzoni mwa miaka ya 1990, na watu binafsi walioweka dhamana yao pale walipoteza mali, wengine mpaka nyumba. Mu 1996 madeni yote ya 1992 na ya nyuma yaliwekwa mu sosiete ya pekee, Equitas, ili soko liweze kuendelea.

Na hapa kwetu?

Hatuwezi kunakili njia ya Marekani sawa ilivyo. Sheria zetu ni zingine, na soko letu la asiransi lilikuwa na historia yake. Mwaka uleule wa 1966, wakati Marekani ilikuwa inaandika upya kontra zake, inchi yetu iliunda SONAS na kuipa kazi yote ya asiransi peke yake. Mbele ya pale, sosiete za kigeni ndizo zilifanya kazi hiyo hapa. Soko lilifunguliwa tena na sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, na leo mukaguzi wake anaitwa ARCA.

Lakini swali la «nani atalipa» ni letu kabisa. Lubumbashi ilikuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba tangu 1911, wakati wa Union Minière, kisha Gécamines. Mulima wa takataka za kiwanda unaonekana mpaka leo. Mu 2009 wachunguzi wa universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walichapisha uchunguzi wenye kuonyesha kama wakaaji wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na metali zingine mingi mu mukojo wao. Mu Kivu na Maniema, kuna viwanja vilivyoachwa na SOMINKI. Mu Ituri kuna vya Kilo-Moto. Sosiete zilibadilisha majina, wenyeji walibaki palepale.

Jirani yetu Zambia anatuonyesha namna inavyokuwa nguvu kurudi nyuma. Pale Kabwe mugodi wa risasi ulifanya kazi tangu mwanzo wa miaka ya 1900 mpaka 1994. Mu 2020 kesi ililetwa Johannesburg kwa jina la wanawake na watoto wenye risasi mu damu, juu ya sosiete Anglo American South Africa. Mu Desemba 2023 tribinali ilikataa kuruhusu kesi ya pamoja, na wadai wakakata rufaa. Mabishano makubwa yalikuwa juu ya mambo ya kale: nani aliongoza mugodi, mwaka gani, nani alijua nini. Ni makaratasi tena.

Sheria zetu zinasema nini? Code civil, livre III, kifungu 258, inalazimisha mutu aliyeleta hasara kwa kosa lake kuitengeneza. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inaweka musingi wa «mwenye kuchafua ndiye mwenye kulipa». Na code minier, vile ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inaenda mbele zaidi: kifungu 285 bis kinalazimisha mwenye haki ya kuchimba kulipa hasara iliyotoka mu kazi yake hata kama hakuna kosa. Tena inamwomba aweke dhamana ya feza kwa kutengeneza uwanja kisha kazi. Dhamana hiyo ndiyo ndugu ya ile kontra ya 1962: ni feza iliyowekwa pembeni wakati sosiete ingali hai, ili isaidie wakati imeondoka.

Mambo ya kushika kwa wakaaji, chefu za mitaa na mashirika

Andikeni tarehe. Kiwanda, depo ya mazutu, garaji kubwa ao kituo cha kuosha madini kilifungua mwaka gani, kilifunga mwaka gani, kilikuwa na majina gani, nani alikiuzisha kwa nani. Bila tarehe hakuna kontra wala avoka anayeweza kusaidia.

Musichome makaratasi ya sosiete iliyofungwa. Kama kuna wafanyakazi wa zamani wenye fakture, karte ya kazi, barua ao kitabu cha hesabu, vichukuliwe picha na vitunzwe mahali pawili.

Wakati wa kujadili cahier des charges na sosiete ya madini, ombeni mambo matatu kwa maandishi: hakikisho la dhamana ya kutengeneza mazingira, jina la sosiete ya asiransi ya RC na namba ya kontra, na kama kontra ile inafuata tukio ao inafuata dai. Swali hilo la tatu haliulizwi sana, lakini ndilo litaamua kama watoto wenu watalipwa kisha sosiete kuondoka.

Musichanganye mifuko. Ile 0.3 kwa mia ya feza ya mauzo ambayo code minier inapatia maendeleo ya wakaaji ni ya shule, barabara, maji na kituo cha afya. Si feza ya kusafisha sumu. Sosiete ikisema «tulishajenga shule», jibu ni kama deni la kusafisha lingali pale.

Mukiona maji yamebadilika rangi ao harufu, andikieni barua siku zile zile kwa sosiete, kwa biro ya mazingira ya jimbo na kwa chefu, na mubaki na kopi yenye kupigwa muhuri wa kupokea. Haki ya kudai inaisha na wakati, na kila asiransi inatafuta kwanza tarehe ya barua ya kwanza. Mbele ya kuingia tribinali, mupeleke makaratasi yale kwa avoka ao kwa shirika lenye kutoa musaada wa sheria, wayasome yote, hata yale yenye kuonekana hayana maana.